Robo ya Mzunguko

Kaka yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute uko mzima, umekula, na unalala mahali pakavu. Mimi ni mzima wa mwili. Ya rohoni utayasoma mwenyewe huko mbele. Mama anaamka, anaoga, anakula kidogo akilazimishwa. Mguu wake wa kushoto umevimba tena tangu siku ya mazishi ya mdogo wetu, na ukimwambia akapimwe anakujibu kwamba wa kupimwa ni wewe. Unamjua. Na mkono wako je? Siku ile nilikuona ukitoka umeuviringisha kwa fulana, damu inachuruzika mpaka kwenye viatu. Kama kidonda kimeanza kunuka, tafadhali nenda zahanati useme umekatwa na bati. Hakuna atakayekuchimba zaidi ya hapo.

Dereva wa lori amefikisha ujumbe wako. Alikuja nyumbani mchana, akakataa hata kukaa, akanivuta pembeni ya tangi la maji na kunitolea maneno yako kama mtoto aliyetumwa dukani: kwamba hujambo, kwamba simu umeitupa ili wasikufuate, na kwamba Ijumaa utapanda naye kurudi, uende hospitali ummalize Fundi, kwa sababu kazi uliiacha nusu. Akaniuliza kama nina jibu. Nikamwambia ninalo, lakini ni refu, anipe mpaka kesho. Ndiyo maana leo unaandikiwa barua kama bosi. Nakuomba kitu kimoja tu, usisome kwa kurukaruka kama ulivyozoea. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama unapanda hilo lori au hupandi.

Nianze na habari za huku. Fundi yuko hai. Jicho la kulia limekwenda, daktari alilisema bila kuzungukazunguka. Taya wamelifunga kwa nyaya, analishwa kwa mrija. Mkono wa kushoto, ule ulioutia kwenye jiliwa ukakaza mpaka sote tukasikia mlio, umekatwa vidole vitatu. Wa kulia mzima. Karakana haipo tena. Vijana wenzako walirudi siku ya pili yake wakavunja madirisha, wakaipiga kompresa nyundo mpaka ikalala ubavu, wakamwaga droo zote za vipuri kwenye matope. Kutoka hapo walikwenda nyumbani kwa Fundi, wakang'oa mlango wakauchoma uani. Mkewe na binti yao walitorokea dirisha la nyuma, na kuna jiwe lilimpata yule binti begani. Vijana walipomaliza walikuja kwetu, Mama akawapikia. Nakwambia hili bila kumsema Mama, maana aliyewapakulia sahani ni mimi.

Polisi walifika baada ya hayo yote, kama kawaida yao. Mkaguzi alitazamatazama, akasema mtungi wa hewa wa marehemu na regileta yake, kile kidude cha kupunguza presha, visiguswe mpaka aje mtaalamu wao kutoka makao makuu. Gari lao halikuwa na nafasi ya mtungi, au hawakutaka kulichafua, sijui. Wakaufungia kwenye stoo ya nyuma ya karakana, ile ya matofali ambayo vijana hawakuiweza, wakabandika karatasi yenye muhuri mlangoni na kuondoka. Ila kabla ya kuondoka mkaguzi aliniita, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ikionekana Fundi aliipanga vibaya presha ya regileta, atashtakiwa yeye kwa kuua kwa uzembe, na yaliyompata mikononi mwako yatatazamwa kama uchungu wa ndugu. Isipoonekana, Kaka, wewe ni mtu aliyejaribu kuua. Shika hapo, maana ndiyo mzizi wa barua hii.

Sasa nataka tuipitie siku ile pamoja. Najua ulikuwepo. Lakini kuna niliyoyaona mimi ukiwa umenipa kisogo, na mengine uliyaona wewe ukiwa na damu machoni.

Asubuhi ile chujio la bwawa lilikuwa limezibwa na magogo, na meneja alikuwa akipiga kelele tangu jua halijachomoza vizuri. Fundi alikuwa amemaliza kuifungua na kuisafisha regileta ya mdogo wetu, na alikuwa anaipanga presha. Niliifunga geji ya kupimia, yeye akashika alenki. Unajua anavyofanya: anakaza unywele mmoja, anatazama, analegeza nusu unywele, anatazama tena. Mshale wa geji ulipofika presha ya tisa na nusu aliweka alenki chini, akakaa kwenye stuli yake, akatia mikono katikati ya magoti na kuanza kusubiri. Meneja akaingia kufoka kwamba watu wanalipwa kutazama mshale. Fundi akamjibu kwamba maji hayamjui meneja, na kwamba mshale ukipanda hata kidogo ataifungua yote upya. Haukupanda. Aliniita niuone, nikauona. Mlimwita Mzee Subiri kwa sababu hiyo, na wewe ndiye uliyelianzisha jina hilo, usikatae.

Ndipo mdogo wetu akaingia, nguo ya kuzamia ameivaa nusu, mikono ya nguo inaning'inia kiunoni. Akaniambia nina sura ya mtu anayetega bomu. Fundi alikwenda nje kunawa mikono, akaniachia nimalizie. Mdogo wetu akainywa chai yangu yote, akacheka, akaubeba mtungi begani na kutoka mbio. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipocheka naye. Nitarudi hapo baadaye.

Kwenye tishali nilisimama karibu na winchi, nikashuhudia ulivyomvisha. Tangu Baba afariki hujamruhusu mtu mwingine yeyote kumfungulia koki ya mtungi. Mnafanya kama Baba alivyofanya: unafungua mpaka mwisho, unarudisha robo ya mzunguko ili koki isikwame, halafu unampiga makofi mawili mgongoni. Ukafanya. Akavuta pumzi mbili tatu, geji yake ikasoma mia mbili kamili, akakuonyesha kidole gumba akashuka na msumeno wake. Kamba ukaishika wewe.

Ishara ya kwanza ilikuja vizuri, kwamba amefika chini. Tulisikia mtetemo wa msumeno kwenye kamba. Kisha kamba ikaruka mikononi mwako kama umeshika fahali. Ulivuta. Ukavuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba, na kamba ilikuwa imenasa kwenye gogo. Ukaruka na mtungi ambao haujafungwa hata mikanda. Mlipoibuka, kinywa cha regileta hakikuwa mdomoni mwake. Macho yalikuwa wazi. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka, Kaka, alikuwa amepigana na lile gogo kwa vidole. Ulimpulizia, ukambonyeza kifua mpaka mbavu zikalia, mpaka msimamizi akakushika mabega na wewe ukampiga kiwiko kikavunja pua yake. Halafu ukatulia. Ukainua geji ya mtungi wake ukaisoma: mia moja na ishirini. Ukasema polepole, kila mtu akasikia, "Hewa ipo."

Maneno mawili tu, na yalitosha. Mtungi una hewa zaidi ya nusu, na mtu amekufa kwa kukosa hewa. Basi mwenye kosa ni regileta, na regileta imepangwa na mtu, na mtu huyo yuko karakana ananawa mikono. Tulifikiri hivyo wote pale, na mimi nilikuwa wa kwanza. Damu ilinichemka nikasahau hata kumfunika mdogo wetu uso. Ulinyakua ule mtungi na regileta yake hivyohivyo, ukatangulia, na wazamiaji wote nyuma yako.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Aliona nani hayupo kati yetu, akaelewa, rangi ikamtoka. Uliutupa mtungi mbele ya miguu yake na kumwambia atazame alichofanya. Alipiga magoti. Sisi tulidhani anaomba msamaha. Alitazama geji, akanyoosha mkono kwenye shingo ya mtungi, akasema, "Tazameni kwanza koki." Alitaka kuendelea. Wewe ulimpiga spana kubwa mdomoni na meno yakaruka mpaka chini ya benchi. Mtu mmoja akamshika nywele, mwingine miguu. Mlimpiga kwa mabuti, kwa nyundo ya raba, kwa mnyororo. Alipojikunja kulinda kichwa mlimnyoosha. Walinzi wa bwawa walikuja wakigonga mlango wa chuma, wakiita kwamba wafunguliwe wasije wakaokota maiti. Komeo lilikuwa limesukumwa kwa ndani. Kaka, nililisukuma mimi. Wewe hukujua, ulikuwa na jiliwa. Mtu aliyenifundisha kazi, aliyenipa alenki yangu ya kwanza wakati mafundi wengine wote walikuwa wakinituma chai, nililisukuma komeo ili asiokolewe, nikaegemea mlango kwa mgongo na kuutazama mkono wake ukiingia kwenye jiliwa. Niliona sawa kabisa. Nilitaka uongeze. Walinzi walipouvunja mlango ndipo ulipoacha.

Kwenye mazishi Mama alisema mbele ya watu kwamba aliyemuua mwanawe asiuone mwezi mpya. Ulimsikia ukiwa nyuma ya uzio, umejifunika, nilikuona. Najua kauli hiyo ndiyo iliyokupa hilo neno la kummaliza.

Wewe ulipokwenda zako, mimi nilibaki na maneno ya mkaguzi kichwani. Kila nilipomtazama Mama niliwaza kwamba ameshampoteza mmoja, na wa pili atazeekea gerezani. Nikakata shauri kwamba sitamngoja mtaalamu wao. Nitaipima mwenyewe, nilipate kosa la Fundi kwa macho yangu, halafu urudi nyumbani kifua mbele. Niliichana karatasi ya polisi na kuingia stoo. Nilikuwa na furaha fulani mbaya ambayo sijui niiite nini.

Mtungi ulikuwa vilevile kama ulivyoutupa, regileta imefungwa juu yake, hewa ndani. Nikaichomeka geji ya kupimia kwenye mpira wa kujazia hewa koti la kuelea. Mshale ukasimama tisa na nusu. Nikasubiri kama nilivyofundishwa. Haukupanda, haukushuka, na hasira ikanipanda. Ndipo nikakibonyeza kile kitufe cha kinywa, hewa itoke kama mtu anavuta kwa nguvu. Mshale ukaanguka, Kaka. Ulianguka kama mtu aliyezimia, ukafika tatu, mbili, na nilipoachia ukapanda kwa kujikongoja kama mgonjwa. Nikabonyeza tena, ukaanguka tena. Nilicheka peke yangu mle ndani. Nilipiga kelele za shangwe, nikapiga ngumi ukuta mpaka nikachubuka. Nikasema nimempata. Hapa juu unapumua vizuri, kule chini, hewa nzito na msumeno mkononi, regileta inakunyima. Hivyo ndivyo alivyomuua.

Nilikwenda hospitali moja kwa moja, mikono ina damu. Mkewe alikuwa ametoka kutafuta dawa. Nilisimama kando ya kitanda cha Fundi nikamwambia kila kitu, na nilitumia matusi ambayo hata wewe sijawahi kukusikia ukiyatumia. Nikamwambia mshale wake umeanguka, kwamba kusubiri kwake kote kulikuwa maonyesho, kwamba nikitoka pale nakwenda polisi. Nilikuwa nimeshika ule mrija wake wa chakula. Sikumbuki kuushika, lakini niliuona mkononi mwangu.

Hakuogopa. Alinitazama kwa lile jicho moja, kama alivyokuwa akinitazama nikifunga kitu upande usio wake. Akainua mkono wa kulia juu ya shuka. Akavikunja vidole kama ameshika koki, akazungusha hewani, akazungusha, akazungusha, mpaka mkono ukagoma. Halafu akarudisha kidogo. Robo. Akanionyesha tena kuanzia mwanzo, na safari hii niliangalia alikuwa anazungushia upande gani. Ulikuwa upande wa kufunga. Kisha akaushusha mkono na kugeukia ukutani. Niliuachia mrija.

Nilirudi stoo nikikimbia. Nikaishika koki ya mtungi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Koki ambayo wewe uliifungua mpaka mwisho na kurudisha robo ilitakiwa izunguke robo tu kuelekea kufungua, kisha ikome. Nikaizungusha. Haikukoma. Ikaenda mzunguko mzima, ikaenda wa pili, ikaendelea kwenda, na hewa nikaisikia ikijaa kwenye mipira kwa mlio ambao haukuwepo kabla. Ilipofika mwisho nikabonyeza kitufe. Mshale ukatikisika kidogo, ukarudi tisa na nusu, ukasimama pale kama umepigwa msumari. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Regileta ile ilikuwa nzima kabisa, na Fundi hakukosea hata unywele.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuombe usirukeruke. Unaijua sheria ya karakana: ukimaliza kupima unafunga koki, unatoa hewa yote mpaka mshale ulale, ndipo mtungi unatoka mlangoni. Hakuna mtungi unaotoka kwetu ukiwa wazi. Fundi aliniachia nimalizie, nimekwambia hivyo. Nilichomoa geji ya kupimia, na koki nilikuwa bado sijaigusa mdogo wetu alipoinywa chai yangu. Nikamfukuza na tambara la grisi kuzunguka benchi, tunacheka. Alipobeba mtungi na kutoka mbio nilisimama mlangoni nikimtukana kwa utani. Sikuifunga. Ilitoka ikiwa wazi mpaka mwisho, na mimi nikaenda kutafuta chai nyingine.

Kwenye tishali ulikutana na mtungi uliojua umefungwa, kwa sababu mitungi yetu daima hutoka imefungwa. Uliinama nyuma yake, ukashika koki ukazungushia upande wa kufungua. Haikwenda. Niliuona msuli wa bega lako ukisimama. Nilifikiri imekwama, na wewe ulifikiri hivyohivyo, au ulifikiri umekosea upande, maana ulikuwa umeishika kwa nyuma na juu chini. Ukabadilisha mkono, ukazungushia upande wa pili. Ikaenda, laini. Ukazungusha mpaka mwisho, ukarudisha robo, ukampiga makofi mawili mgongoni. Wewe ulijua umemfungulia. Ulikuwa umemfungia, na kumwachia robo. Robo hiyo inatosha kupumua ukiwa umesimama juu ya tishali unamwonyesha kaka yako kidole gumba. Kwenye kina cha mita thelathini, na msumeno mkononi, haitoshi.

Mimi niliiacha wazi, wewe ukaifunga. Fundi aliligundua kwa kutazama mara moja tu, akalitolea kauli mbele yetu sote, na wewe ukampiga mdomoni asiimalize, na mimi nikafunga mlango asikimbie. Nimeliandika hivyo hivyo, bila kulipaka sukari, kwa sababu nililipaka sukari kichwani kwangu siku mbili na halikubadilika.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Nilianza mbali, nikamweleza regileta ni nini, kwamba hewa ya kwenye mtungi imebanwa kiasi kwamba ikikufikia ilivyo itakupasua mapafu, na kile kidude kinaipunguza mpaka mtu aweze kuivuta. Akanikatiza, akasema amezaa na mzamiaji na kuzaa wazamiaji, nimwambie ninachotaka kumwambia. Nikamwambia, la kwangu kwanza, kisha la kwako. Hakulia. Hakunipiga, ingawa nilimsogelea karibu ili akitaka anipige. Aliuliza swali moja tu, kama mwanawe alijua ni nani aliyemfungia. Nikamwambia hapana, hilo hakulijua. Akaniuliza nina hakika. Nikasema ninayo. Sina, Kaka, lakini nilisema ninayo.

Akasimama na ule mguu wake, akakoroga uji mwepesi, akaumimina kwenye chupa na kwenda hospitali kwa miguu. Nilimfuata nyuma nyuma. Mke wa Fundi alikuwa mlangoni mwa wodi. Alimkamata Mama kwa kitambaa cha kichwa, akampiga kofi, na la pili, na la tatu, mpaka damu ikamtoka Mama puani, na manesi wakaja kuwaachanisha. Nilitaka kuingilia, Mama akanizuia kwa mkono. Hakujifunika uso. Alipoachiwa aliiweka chupa sakafuni kando ya mlango, akasema atarudi kesho na nyingine. Mke wa Fundi akaipiga teke, uji ukamwagika ukumbi mzima, na Mama akainama kuupangusa kwa khanga yake.

Kesho nikishamkabidhi dereva barua hii naingia kituo cha polisi. Nitawaambia niliichana karatasi yao, kwamba niliiacha koki wazi, na kwamba aliyefunga komeo ni mimi. Habari ya mkono wako uliobadilisha upande sitaigusa. Utaisema mwenyewe au utakaa nayo, ila mimi nikiulizwa kama Fundi alikosea, nitasema hakukosea, na hilo litakuweka pabaya. Najua. Nilikaa na kalamu muda mrefu nikitafuta njia ya kulisema moja bila la pili, sikuipata. Nakupenda kuliko unavyodhani, na nimekukasirikia kiasi kwamba ungekuwa hapa ningekurushia kitu, kisha ningekufunga kile kidonda cha mkono.

Ijumaa panda lori uje. Sikwambii usije. Huenda wewe ukifika mimi niko ndani, kwa hiyo sitakuwepo kukuzuia kwa lolote. Lakini Mama, nilipomwambia ujumbe wako, hakungoja hiyo kesho; amebeba mkeka na blanketi, amekwenda kukaa mlangoni mwa ile wodi, na mke wa Fundi amechoka kumfukuza. Amenituma nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: kwamba mwanawe akija mikono mitupu atampokea na watakwenda kituoni wote wawili, na akija na kisu, kitandani kwa Fundi atafika akishammaliza kwanza yeye mama yake.

Mama anakusalimu. Majirani wanakusalimu, bado wanakuita shujaa, nimeshindwa kuwakanya. Msimamizi mwenye pua iliyovunjika anasema hana kinyongo. Fundi hana salamu za kukutumia, kinywa hakijafunguka.

Jitunze, ule, na usiache kidonda kikaoza.

Ni mimi,
mdogo wako uliyebakiwa naye.